Babu Alhamisi wa Igbalangaw

Manila, 19 Juni 1988

Manang Idang, dada yangu,

Barua yako ilinikuta nafua, nikaisoma mikono imejaa povu, wino wa mwisho wote ukachuruzika. Sijui uliuliza nini pale chini. Kama uliuliza afya, ni mzima. Kama ni chakula, nakula. Kama ni mwanamume, hakuna.

Mwaka wa nne umeanza. Darasani tunaingia mara chache, wametutawanya kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo. Wenzangu wengine wako hospitali, wengine kwenye mahabusu ya watoto. Mimi nimepangiwa makao ya wazee wasio na ndugu, jengo la zamani lenye ua mrefu na miti inayodondosha maua meupe mchana kutwa, kiasi kwamba anayefagia hamalizi kamwe. Msimamizi wangu ni Bi Quiambao. Ameifanya kazi hii ya ustawi wa jamii tangu mimi sijazaliwa, na anaongea kwa sauti ndogo hata inabidi uache unachofanya ili umsikie. Siku ya kwanza aliniambia nisiandike kitu na nisimhoji mtu. Nikae tu, wazee wanizoee.

Nikakaa. Ndipo nikamjua Babu Alhamisi. Polisi walimleta siku ya Alhamisi, hana kitambulisho wala jina, basi jina likawa hilo. Ni karibu mwaka sasa. Waliniambia akili imemtoka na hana lugha, anabwabwaja tu. Juzi nilikuwa nakunja mashuka, mzee wa jirani yake akakanyaga mto wake, naye akasema kwa utulivu kabisa, "Toa mguu wako, bwana, hapo nalaza kichwa."

Alisema kwa Kinaray-a, Manang. Lugha yetu. Mwaka mzima alikuwa anaongea vizuri, na hapakuwa na wa kumsikia.

Nikamsalimu. Alinitazama kama mtu anayeangalia nchi kavu kutoka majini, kisha akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Utadhani tumekutana sokoni Bugasong.

Anasema kwao ni Igbalangaw, juu ya Valderrama, mahali ambapo wingu huingia kwa mlango wa mbele na kutokea jikoni, na kuku anaweza kukupotea humo humo ndani ya nyumba. Mkewe anaitwa Puring. Wana mtoto wa kike, Saling, ambaye bado hajaota meno. Anayasema haya kama mtu aliyetoka nyumbani leo asubuhi, na huyu ni mzee wa nywele nyeupe.

Watu wa milimani hushuka kwenye soko la huko. Tafadhali niulizie.

Mdogo wako,
Nila


Bugasong, 3 Julai 1988

Nila, mdogo wangu mwenye nusu ya digrii,

Kwa hiyo tumekupeleka chuo ukajifunze kuwasaidia watu, na msaada wenyewe unautuma huku kwangu. Shemeji yako Doming anauliza kama na sisi tutavaa joho siku ya mahafali. Nimemwambia yeye atavaa la ngozi ya mbuzi wetu.

Huku mvua imekaa. Mto umevimba, una rangi ya kahawa ya maziwa, na upande wa milimani hakuonekani kitu, kama vile mtu amefuta ubao. Nafuma tangu asubuhi. Wateja wameniagiza nguo za kujifunga, patadyong za miraba ya zambarau na kijani, rangi ambazo zikikaa karibu karibu jicho linaanza kuelea, na saa nyingine najikuta nimesimamisha mkono na sijui nilikuwa nawaza nini.

Siku ya soko nilimuuliza muuza tangawizi. Igbalangaw ipo. Ni juu kabisa, nyumba chache, na mto ukijaa hawashuki. Ukipungua nitapanda, lakini si kwa ajili ya huyo Babu wako, ni kwa sababu nataka kumwona kuku anayepotea ndani ya nyumba.

Jina lake halisi ni nani? Nikifika huko siwezi kuuliza habari za Alhamisi.

Dada yako,
Idang


Manila, 24 Julai 1988

Manang,

Anaitwa Tanis. Estanislao Vegafria. Alilitaja jina lake huku anapewa uji, kisha akalala fofofo, kama mtu aliyebeba kitu kizito akakitua.

Tunatembea uani kila mchana. Ua ule kwake si ua, ni njia ya kando ya mto, na ananiambia mahali pa kuinua mguu kwa sababu ya mawe. Siku hizi hata mimi nainua. Kidogo kidogo amenieleza. Kontrakta alipita kijijini akichukua watu wa kwenda kisiwani Negros kukata miwa, naye akaenda msimu mmoja ili anunue mabati. Msimu ukafuatwa na mwingine. Akaugua huko, akapona, akaona haya kurudi mikono mitupu. Mtu akamwambia Manila kuna kazi bandarini. Baada ya hapo habari zinapotea, na nikiuliza anatazama yale maua meupe na kusema wingu limeshuka.

Sasa nikwambie nililolifanya, maana Bi Quiambao ameshanisema. Alinishika mkono akaniuliza kama najua njia ya kwao. Nikamwambia najua, na kwamba nitamrudisha nyumbani. Nilisema tu, Manang, limenitoka.

Bi Quiambao aliniita ofisini. Hakugomba. Alisema kumwahidi mtu kitu usichokuwa nacho ni kumkopesha mali ya wengine, na kwamba hicho ndicho kilichowashinda wanafunzi wengi kabla yangu, wanaupenda wema wao wenyewe kuliko wanavyompenda mzee. Nililia chooni. Lakini ahadi imeshatoka, na yeye kila asubuhi anaketi kitandani amevaa viatu.

Mto umepungua?

Nila


Bugasong, 21 Agosti 1988

Nila,

Tu wazima. Mbuzi amezaa. Uzi wa zambarau umeadimika, nimeanza kutumia mwekundu.

Kuhusu lile jambo, mto bado si mzuri, na niliowauliza hawamkumbuki mtu huyo. Miaka ni mingi. Wazee wakati mwingine huota kitu mpaka kikawa kijiji. Mtunze hapo hapo alipo, mpe uji wake, mtembeze. Nadhani huo nao ni msaada.

Soma, mitihani haiko mbali.

Idang


Manila, 30 Agosti 1988

Manang,

Nimesoma barua yako mpaka nimeichoka. Ni fupi mno kuwa yako. Wewe ambaye huwezi kunieleza habari za chumvi bila kupita kwa majirani wote, leo unaniambia hawamkumbuki, basi.

Nimekutana na mwanafunzi wa Valderrama, anasema mto ulipungua katikati ya mwezi, na mama yake alishuka hadi pwani. Na Babu hakukiota kijiji. Wewe mwenyewe uliniandikia kuwa kipo.

Nimejiuliza ni kwa nini. Labda umechoka nami. Labda unaona nimekaa mjini nasoma jinsi ya kuwasikiliza watu, na wewe uko kwenye kitanda cha kufumia, na nikikuomba kitu kimoja tu, unaona nakutuma. Kama ni wivu, sema. Nitamwandikia padri wa Valderrama mwenyewe, wala sitakusumbua tena.

Nila


Bugasong, 8 Septemba 1988

Nila,

Usimwandikie padri. Kwanza soma hii mpaka mwisho.

Ulisema nina wivu. Barua hiyo niliiweka chini ya kitanda cha kufumia, nikaikanyaga mchana kutwa nikiwa kazini. Sasa tuendelee.

Nilipanda. Mvua ilipotulia tulikwenda mimi na Doming. Njia inafuata mto, halafu inauacha na kuingia kwenye wingu, na kutoka hapo unamsikia mtu kabla hujamwona. Doming alikuwa mbele yangu, mara akawa hayupo, imebaki sauti yake ikilalamikia viatu. Kisha wingu likafunguka kidogo, pakawa na nyumba, mikeka ya tangawizi iliyoanikwa, na bibi mmoja wa nywele nyeupe akiigeuza kwa mkono. Nikauliza kwa Puring. Akasema, ndiye mimi, karibuni, mmekula?

Hata sijajibu, mwanamke mwingine akatoka jikoni, akasikia nimetaja Vegafria, akanishika kiwiko na kunipeleka nyuma ya nyumba. Ndiye Saling. Yule mtoto asiye na meno ameshaanza kung'oa.

Nilimwambia. Aliketi juu ya gogo. Alisema baba yake ni Berto, ndiye aliyembeba mgongoni kumvusha mto kwenda shule, na hata siku moja hakumwita mtoto wa mtu mwingine. Yule wa Negros walimngoja mpaka watu wakawaonea huruma, ndipo wakamzika. Hawakuwa na mwili, wakazika shati. Baadaye mama yake akafunga ndoa na Berto, kanisani, mbele ya watu wote.

"Mama anasali kila siku," aliniambia. "Akijua yule yu hai, ataona ameishi maisha yote haya na mume asiye wake. Mnataka kumrudishia mzee wenu nyumba yake. Mimi mama yangu nitamrudishia nini?"

Aliniomba nisiseme, si kwa mama yake, si kwako. Nikakubali. Tukarudi mbele tukala viazi vitamu, Berto akafika na nyati wake wa kulimia, akatuchekesha, akatupa tangawizi ya kubeba. Ni mwanamume mwema, Nila. Nilishuka mlima nikitamani angekuwa mbaya.

Kwa hiyo wewe ulimwahidi mmoja na mimi nikamwahidi mwingine. Leo nimeivunja ahadi yangu kwa sababu umenifikiria ubaya, na sikuweza kukaa nalo. Sasa niambie, huko chuoni wanafundisha nini cha kufanya na jambo kama hili?

Idang


Manila, 25 Septemba 1988

Manang yangu,

Nisamehe kwa lile neno. Sina zaidi ya hapo. Ungekuwa karibu ningekufulia nguo.

Huko chuoni wanafundisha kwamba mwenye maisha ndiye mwenye kuamua. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Nilipompelekea Bi Quiambao habari zako, aliniuliza swali moja, "Mteja wako ni nani?" Nikasema ni Babu. Akauliza, "Na huyo Saling, yeye si mtu?" Mwishowe akasema nimwambie Babu kweli yote, maana nikimficha nitakuwa nimeshamwamulia, ila nichague siku ambayo akili iko naye.

Siku hiyo ilikuja. Aliamka akaniita kwa jina, akauliza tarehe, akajitazama mikono na kusema, "Kumbe nimezeeka." Tuliketi barazani. Alikuwa anamenya chungwa. Nikamwambia Puring yu hai, Saling ni mtu mzima, na kwamba walimngoja, wakazika shati lake, na Puring akaolewa na Berto.

"Berto yupi? Wa ng'ambo ya mto? Mwenye nyati?"

Nikasema ndiye.

Aliendelea kumenya. Akauliza kama mtoto alikuwa anashiba. Nikamwambia alishiba. Akala kipande kimoja, akanipa kimoja, kisha akasema, "Basi Puring hakukaa peke yake."

Nilimuuliza anataka tufanye nini. Niliketi juu ya viganja vyangu, Manang. Alifikiri, tena si kwa ndoto, alifikiri kama mtu anayepima shamba. Akasema, "Waambie sitaki mke. Mke ana mtu wake. Mimi nataka mlima tu. Mlima haujaolewa."

Kesho yake alikuwa amesahau. Aliniuliza kama Saling ameota jino. Nikamweleza tena kwa upole, safari hii akalia kama mtoto, na siku iliyofuata akawa amesahau hata kwamba alilia. Kwake ni msiba mpya kila mara. Nilikwenda kwa Bi Quiambao nikamwambia siwezi kumuua huyu mzee kila asubuhi. Akasema tuache. Aliamua siku akili ilipokuwa naye, na tutashika lile alilolisema siku hiyo.

Wewe unaujua mlima ule na watu wake, mimi siwajui. Sikutumi. Nimekueleza tu alichosema.

Nila


Bugasong, 6 Oktoba 1988

Nila,

Nilikwenda. Nilidhani Saling atanifukuza na angekuwa na haki yake. Alikuwa anafunga mafagio, nikaketi tukafunga pamoja, nikamweleza nimemvunjia ahadi na kwa nini. Hakuniangalia. Nikamweleza maneno ya mzee kama ulivyoyaandika, kwamba hataki mke, anataka mlima, mlima haujaolewa.

Upande wa pili wa ukuta wa mianzi mtu akacheka. Kicheko kifupi. Puring akatoka, ameshika ungo, uso umemlowa.

"Ni Tanis huyo," alisema. "Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kusema upuuzi kama huo."

Akaketi katikati yetu. Saling akaanza kumtetea mama yake kwa mama yake, kwamba hakujua, kwamba kila mtu alijua amekufa. Puring akamwacha aseme mpaka akachoka. Kisha akavaa kandambili na kushuka kwa padri siku ile ile, mimi nikimfuata nyuma. Padri ni kijana, alifikiri sana, masikini, mpaka nikamhurumia. Alisema walioana kwa moyo safi, yeye atamwandikia askofu, na wakati huo Bibi arudi nyumbani akapike kama kawaida. Puring akamwambia kupika hakuhitaji askofu.

Kuhusu Berto, Puring alimweleza mwenyewe jioni ile. Kwa siku mbili, nami bado nipo kwao, alikaa na nyati wake kwenye ukungu, tunasikia kengele tu. Saling aliogopa ataondoka. Kisha akaenda makaburini, akaung'oa msalaba wenye jina la Tanis, akaulaza vizuri chini ya mti, na kutoka hapo akapitia kwenye mianzi na panga lake. Wapita njia walimuuliza anakata ya nini. Akasema kuna mtu anakuja, anahitaji mahali pa kulala.

Kibanda kiko upande wa juu wa nyumba yao, mlango unatazama mlima.

Mleteni.

Idang


Manila, 14 Oktoba 1988

Manang,

Mimi siji. Mitihani imeangukia wiki hiyo hiyo, nikikosa nitarudia mwaka. Niliomba, wakakataa, na Bi Quiambao naye hakunitetea. Aliniambia, "Ulimwahidi arudi nyumbani. Hukuahidi kwamba wewe utakuwepo kutazama." Nilimchukia mpaka jioni.

Bi Quiambao anampeleka yeye mwenyewe, kwa meli hadi Iloilo, halafu basi. Babu amenyolewa, amevaa shati jipya la mikono mirefu. Aliniaga kwa adabu kama mtu anayemuaga mwenye nyumba ya kulala wageni. Nadhani hakunijua leo. Nilisimama getini mpaka teksi ikakunja kona, kisha nikaingia ndani nikafagia yale maua, maana sikuwa na la kufanya.

Nieleze yote. Usiniandikie tena barua ya mbuzi amezaa.

Nila


Bugasong, 30 Oktoba 1988

Nila,

Nimekaa vizuri, nimeacha uzi, Doming anapika. Haya.

Basi lilifika mchana. Bi Quiambao wako alishuka kwanza, mdogo hivyo, sauti haisikiki, lakini kondakta alimbebea kila kitu. Babu akashuka nyuma yake. Tulikuwa na kijana wa nyati na mkokoteni, tukampandisha. Tulipouacha mto na kuingia kwenye wingu alivua kofia. Akaanza kutaja: hapa pana jiwe, hapa pana chemchemi, hapa kwa Simeon. Jiwe lilikuwepo. Chemchemi ilikuwepo. Kwa Simeon pamebaki migomba, naye akaiinamishia kichwa hiyo migomba.

Walikuwa wamesimama mbele ya nyumba, Berto, Puring na Saling, wamevaa nguo za kanisani. Wingu lilikuwa likipita kati yao na sisi, wanaonekana, wanapotea. Babu akashuka mwenyewe. Puring alisogea hatua moja mbele, mikono ameikunja tumboni.

Akampita, Nila. Akamwamkia kama anavyoamkiwa bibi wa jirani, akampita, akaenda kusimama mbele ya Saling. Maana Saling ndiye Puring aliyemwacha: uso ule, kimo kile.

"Puring," alimwambia Saling, "nisamehe. Sikupata mabati."

Saling akamtazama mama yake, na macho yake yalikuwa yanauliza afanye nini. Puring akaikunjua mikono yake. Amemngoja mtu huyu ujana wake wote ili asikie neno hilo, na sasa linasemwa kwa mtu mwingine mbele yake. Angeweza kusema, mimi ndiye. Alikuwa na haki. Akasema polepole, "Mjibu."

Saling akamshika mzee mikono yote miwili. "Haidhuru," alisema. "Nyumba haivuji. Karibu ndani."

Bi Quiambao alikuwa pembeni yangu. Kwa barua zako nilidhani hatikisiki. Alikuwa analia kwenye leso ya watu wengine, yangu.

Hivyo ndivyo alivyofika. Sasa nikueleze anavyoishi, maana nimepanda tena juzi. Analala kwenye kibanda chake na mlango wazi, wingu linamwingilia anavyotaka. Saling humpelekea uji asubuhi, na kuna siku mzee anamwita Puring, kuna siku anamwita mwanangu, naye huitika yote mawili. Aliniambia mwanzoni alikuwa anafanya kwa ajili ya mama yake. Sasa hasemi tena kwa ajili ya nani.

Na Berto ndiye rafiki yake. Babu hajui kuwa huyo ni Berto, anamwita jirani. Mchana wanaketi pamoja kwenye gogo, nyati yuko mbele yao, wanabishana bei ya tangawizi ya miaka ambayo Saling alikuwa hata hajui kutembea. Siku hiyo nilipokuwepo, Puring aliwaletea mchuzi wa majani na samaki mkavu, akaweka bakuli, akarudi jikoni. Babu akaonja. Akaonja tena, akamwangalia yule bibi akienda zake, akamgeukia Berto.

"Mke wako anajua kupika," alisema. "Una bahati, jirani."

Berto alitazama bakuli lake, akasema, "Najua."

Jikoni Puring alikuwa amesikia. Alicheka mpaka ikabidi atoke nje, akaketi kwenye ngazi ya nyuma, amejifunika uso na patadyong yake. Nilikwenda kuketi naye. Sikumuuliza kama bado anacheka.

Dada yako,
Idang